Hajati wa Mbale aliyepandisha bei ya gari kuukuu kila mwaka, na gurudumu la nne lililopotea wakati wa vita

Wakuu, salamu nyingi kutoka Jinja, huku mto unakoanzia safari na sisi tunabaki kuosha magari.

Kisa hiki kimenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Chumvi nimeiacha jikoni. Pale nisipojua jambo nitasema sijui.

Shule niliishia Senior Two, kidato cha pili, kwa hiyo Kiswahili changu kikiteleza mnishike mkono. Jjajja wangu wa Mafubira, mama yake mama, akiniona nakiandika kwenye simu husema, "Hiyo lugha ya askari itakupeleka wapi?"

Leo nitawaambia ilinipeleka wapi.

Mimi naosha magari. Jumapili wateja wangu ni wale jamaa wenye sports car, milango miwili, zinanguruma kama simba mwenye mafua. Wako kama tisa hivi. Waliniingiza kwenye group lao la WhatsApp ili nijue wanakuja saa ngapi, wakasahau kunitoa.

Nikajifunza mengi humo. Rims nazijua kuliko masomo yote niliyowahi kufundishwa. Onyesha tundu za nati tu, nakwambia ni gari gani.

Sasa kila mwaka kampuni zikitangaza model mpya, group linakuwa matanga.

"Wamechonga taa kidogo, wametoboa bampa, bei juu! Hii si model mpya, ni ileile imenyoa ndevu."

"Yangu haijamaliza hata mwaka, tayari inaitwa ya zamani."

"Pole mzee wa zamani."

"Wewe nyamaza, yako ilizeeka ikiwa bado melini."

Aliyekuwa analia kuliko wote ni Bosi Waiswa, muuza vifaa vya ujenzi. Huyu alikuwa anabadilisha gari karibu kila toleo. Akipata jipya anafurahi miezi mitatu, halafu picha za lijalo zinavuja, anaanza kuliangalia lake kama mke aliyemkosea.

Mwaka mmoja kampuni zikaondoa gia ya mkono kabisa. Bosi akaja kuosha gari, uso umekunjamana.

"Wamepandisha bei na gia wametoa! Sasa mimi nikiendesha nishike nini?"

Rafiki yake akamjibu, "Shika bei, Bosi."

Tulicheka, yeye hakucheka. Akasema amechoka kukimbizana na watu wa viwandani. Anataka gari moja ya zamani, ya kweli, akae nayo mpaka azeeke. Na alikuwa amesikia Mbale kuna Hajati mmoja anayo coupe ndogo, milango miwili, ya miaka ya sabini, imekaa nyuma ya nyumba tangu vita.

"Wewe unajua Kiswahili," akaniambia. "Nenda ukaongee naye. Mimi Kiswahili changu ni cha kusimamishwa roadblock tu."

Unaona, Jjajja?

Hajati Mastula anakaa Namakwekwe. Ni Mnubi, babu zake walikuja na jeshi la Waingereza kutoka Sudan. Mama mfupi, mcheshi, macho makali. Alinikaribisha chai ya tangawizi kabla hajaniuliza jina.

Gari ilikuwa chini ya turubai, rangi ya chungwa iliyopauka, imekaa juu ya matofali. Mpwa wake fundi alikuwa anaiwasha mara mojamoja ili injini isigande. Magurudumu matatu yalikuwa yameegemezwa ukutani, rims safi kabisa zenye nyota ya ncha nane. La nne halikuwepo.

Nikataja bei ya Bosi. Akanywa chai.

"Mwambie hiyo ni kidogo," akasema, akataja yake.

Mwaka uliofuata kampuni zikatoa toleo, group likalia, Bosi akanituma tena na bei ileile aliyoitaka Hajati. Hajati akapandisha.

Nikamwambia, "Hajati, gari ni ileile!"

"Na wale wa viwandani je? Si wanapandisha kila mwaka?"

"Wao angalau wanabadilisha taa."

"Mimi nakupunguzia usumbufu. Taa hutahitaji kuzizoea."

Nilicheka mpaka nikamwagikiwa na chai. Bosi nilipompigia hakucheka, lakini nilimsikia anapumua kama mtu aliyekutana na mwenzake.

Siku hiyo ndiyo Hajati alinieleza, na hapa wakuu naomba tutulie kidogo.

Mumewe, marehemu Ramadhani, alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Gari aliinunua mpya kabisa. Mwaka mmoja baadaye likaja gazeti lenye picha ya model mpya, vioo vya pembeni vimebadilishwa umbo. Basi! Wiki nzima hakula vizuri.

"Mtu mzima," Hajati akasema, "ananuna kwa sababu ya vioo. Nikamwambia Ramadhani, hata uso wako ni wa model ya zamani na mimi sijalalamika."

Halafu ikaja vita ya sabini na tisa.

Askari wa serikali wakikimbia walichukua gari lolote linalotembea. Kwa hiyo watu wa mtaa ule walikuwa na utaratibu wao. Unapandisha gari juu ya matofali, unavua magurudumu, kila gurudumu unampa mtu tofauti akufichie. Mwenye bunduki akija anakuta boksi la bati tu.

"Vita haikuuliza gari ni ya mwaka gani," Hajati akasema. "Iliuliza kama ina miguu."

Magurudumu matatu walipewa majirani. La nne Ramadhani alilifunga kwenye baiskeli alfajiri, akaelekea barabara ya Tororo. Hakusema kwa nani. Hakuwa askari, lakini jina lake na asili yake ya Kinubi vilitosha kumtia hatarini serikali ile iliyojaza Wanubi jeshini ikianguka, na ilikuwa inaanguka. Hakurudi. Miaka miwili baadaye mtu alitoka Sudan na habari kwamba amefia huko kwa malaria. Kaburi lake Hajati hajaliona.

Vita ilipotulia, majirani watatu walirudisha magurudumu yao. Gurudumu la spea askari walishakwenda nalo, na betri.

Nikauliza kwa nini asifunge gurudumu lingine lolote, auze, apumzike.

Akaniangalia. "Mwanangu, mahali alipolipeleka ndipo alipokuwa mara ya mwisho akiwa mume wangu. Nikiuza gari bila kupajua, nitakuwa nimeuza na mahali hapo."

Wakuu, mimi machozi yangu yako karibu, nakiri. Nilitoka pale nimeshaahidi nitalitafuta.

Sasa kosa langu.

Nilipiga picha rim moja, nikaenda trading centre zote, vile vimji vya maduka, za barabara ya Tororo. Kila nilipofika nilianza hivi: "Natafuta gurudumu kama hili, nanunua, nalipa vizuri." Nilijiona mjanja sana.

Aisee, nililetewa magurudumu! Ya trela, ya toroli, jamaa mmoja alileta la baiskeli ya mtoto akasema likipakwa rangi litafanana. Pale Busiu nilikula kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kwa mama mmoja wa stendi anayeitwa Mama Nambozo, nikamwonyesha picha. Akaitazama kwa muda. Akafuta mikono.

"Hapa hakuna kitu cha kuuza," akasema.

Nikaenda zangu.

Mwishowe muuza vyuma chakavu aliniuzia rim moja yenye nyota. Na ujuaji wangu wote wa rims, furaha ilinipofusha. Niliibeba mpaka Namakwekwe nikiimba.

Hajati aliigeuza mikononi. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa kitambaa cha kanga kilichofungwa fundo. Ndani kulikuwa na nati nne. Ramadhani alikuwa amefunga nati za kila gurudumu kwenye kitambaa cha peke yake. Vitambaa vitatu vilishafunguliwa. Hiki kilikuwa cha nne.

Akajaribu nati kwenye tundu. Ikapwaya. Ya pili ikapwaya. Nikahesabu ncha za nyota, zilikuwa sita.

Akazifuta nati, akazifunga tena polepole. Mkuu wangu, ungekuwepo ungetafuta shimo ujifukie.

"Safari nyingine," akasema, "nenda nazo hizi. Upime hukohuko. Usiniletee tena matumaini ya chuma chakavu."

Nilikaa karibu mwaka. Toleo jingine likatoka, group likalia kama kawaida, Bosi akasema safari hii atafika mwenyewe Mbale na bei yoyote Hajati aliyotaja mwisho. Nilimwomba anitangulize siku moja.

Nikapitia Busiu. Sikuwa na mpango, nilikuwa na njaa. Nikaagiza kabalagala kwa Mama Nambozo, na nilipotoa simu mfukoni kile kitambaa kikatoka nacho, fundo likafunguka, nati zikabingirika mezani kwake.

Alikuwa anageuza kabalagala kwenye mafuta. Akaacha. Zikaanza kuungua, hakuziona.

"Ziko ngapi?"

"Nne, mama."

"Za nani?"

"Za mume wa Hajati Mastula wa Mbale. Ramadhani."

Akakaa chini. Akanitazama, akaja juu kwa hasira, "Sasa siku ile kwa nini ulisema unanunua? Amana inanunuliwa? Ungeniambia tu ni ya Ramadhani!"

Alinipeleka nyumbani kwake nyuma ya mashamba ya mahindi. Juu ya jiko, kwenye dari ya fito ambapo watu wa kule hutundika mahindi ya mbegu yapate moshi yasiliwe na wadudu, katikati ya mahindi, lilining'inia gurudumu. Jeusi tii kwa masizi. Mpira ulishaoza zamani.

Nikasugua kwa kidole. Ncha nane.

Nati ziliingia kama mtu anayerudi kitandani kwake.

Mama Nambozo alikuwa msichana wa miaka kumi Ramadhani alipofika na baiskeli. Baba yake ndiye alikuwa mteja wa nguo wa Ramadhani. Mzee hakumjua mke wa Ramadhani, kwa hiyo wakaagana hivi: atakayekuja na nati nne, apewe.

Nikamuuliza, baada ya vita Hajati hakuja kuuliza huku?

"Alikuja!" akasema. "Mama mmoja Mnubi, amekaa na afande mwenye bunduki kwenye Land Rover, wanauliza nani ana gurudumu. Siku hizo ukikutwa na kitu cha mtu unaitwa mporaji. Baba alitaka kutoka, mama akamvuta shati. Baba alijuta mpaka anakufa. Akatuambia, msiliuze, msilifunge kwenye gari lingine."

Wakuu, Hajati alikwenda na bunduki, mimi nikaenda na pesa. Nati zilikuwa sandukuni muda wote.

Kesho yake tulifika Namakwekwe wote wawili, Mama Nambozo amelibeba gurudumu kwenye gunia mgongoni kama mtoto, amekataa nimsaidie. Bosi Waiswa alikuwa ameshafika, amekaa anakunywa chai, hajui pa kuweka miguu yake mirefu.

Hajati alilipokea gurudumu kwa mikono miwili. Masizi yakamchafua gauni. Hakulia mara moja. Aliuliza kwanza, "Alikuwa amekula?"

"Alikula," Mama Nambozo akasema. "Mama alimpa ndizi na maharage. Akaomba aongezewe."

Hapo ndipo alipolia. Na alikuwa anacheka pia. "Huyo ni yeye! Huyo ni Ramadhani!"

Mama Nambozo akangoja atulie. Kisha akasema, "Aliacha na neno. Alikuwa ameshapanda baiskeli, akageuka. Akasema, mkimwona mke wangu mwambieni gari asiuze kwa bei ya kwanza."

Hajati alikaa, gurudumu mapajani. Halafu akamgeukia Bosi.

"Bwana, hii uliyokuja nayo ni bei ya ngapi?"

Bosi akameza mate. "Ya tatu, Hajati."

"Basi nimemtii. Chukua gari."

Bosi, mtu wa kubishana hata na senti, alisimama akatoa kofia.

Masharti yalikuwa mawili. Asiibadilishe hata kioo. Na kila Idi ailete Namakwekwe, Hajati akae mbele, wapite Busiu kula kabalagala.

Sasa ni Idi ya pili na ahadi inatimizwa. Mimi hubanwa kiti cha nyuma ambacho hakikutengenezewa binadamu, na nina furaha tele. Kwenye group mwezi uliopita toleo jipya limetangazwa, watu wakalia, mmoja akamuuliza Bosi ana maoni gani kuhusu bei. Akatuma picha ya gurudumu moja. Ndani ya nyota ameacha masizi kidogo, hataki nisafishe. Nimeambiwa hapo nipitishe maji tu.

Mimi bado naota siku moja niwe na yangu ya milango miwili. Lakini nilichojifunza ni hiki: ukienda kutafuta kitu ambacho mtu alimwachia mwenzake, taja jina la mwenyewe kwanza, pesa ibaki mfukoni. Kuna milango pesa inaifunga.

Haya wakuu, jiko liko wazi, leteni na visa vyenu. Nani kwao kulifichwa kitu wakati wa vita, na kilirudi? Na wenye sports car, nyie kila toleo mnalia nini hasa? Nitasoma zote nikimaliza hii Subaru, mwenyewe ameshaanza kunikazia macho.