Mzee wa Kanisa Mwenye Macho ya Manjano

Baba yangu alikuwa na pua ya kazi. Kila Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa letu, karibu na nyumba za reli mjini Nakuru, akiwasalimia waumini kwa kuwavuta karibu na kuwauliza habari za nyumbani. Habari za nyumbani hakuwa na haja nazo. Alikuwa akinusa pombe. Aliyenuka aliitwa mbele ya wazee wa kanisa, na baba, ambaye alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli na hajawahi kuonja hata busaa, pombe ya nafaka ya kwao, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

Basi fikiria furaha ya watu macho yake yalipogeuka manjano.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Siku hizo kila mtu alijua ini huharibiwa na nini, na ukimwona mwenye macho ya manjano uliuliza tu anakunywea wapi. Wale aliowanusa miaka yote walianza kumpa pole kwa sauti tamu sana. Mchungaji, mtu mpole, akamwambia asikae kwenye benchi la wazee mpaka mambo yaeleweke. Ini lilimuuma baba, lakini benchi ndilo lililomnyima usingizi.

Mimi nilikuwa nasomea uuguzi katika hospitali ambapo daktari mmoja mgeni alikuwa akifanya utafiti wa magonjwa ya ini. Alizungumza Kiswahili cha kitabuni ambacho wagonjwa kutoka Molo walikisifu kwa adabu bila kukielewa, kwa hiyo niliwekwa kando yake kutafsiri. Wagonjwa wengine aliwapa vidonge, wengine aliwaambia walale na waache mafuta, kisha akawalinganisha. Ukimuuliza ni kina nani wanaopona zaidi, alisema bado hajui, jibu lililowaudhi sana watu waliopanda basi alfajiri. Lakini alikuwa na kipimo kimoja cha uhakika. Alichukua kioo kilichopakwa kitu cha utelezi kama uji uliopoa, akatia damu ya mgonjwa upande mmoja na dawa ya kupimia upande wa pili. Damu ikiwa na virusi vya ini, baadaye ulionekana mstari mweupe katikati.

Baba alipolazwa kwetu, damu yake ilichora mstari.

"Si pombe," daktari akasema. Nilipotafsiri, baba aliketi kitandani kama mtu aliyepandishwa cheo. Mama, aliyekuwa amemletea uji, aliendelea kufuma sweta lake.

"Mwambie aje kanisani Jumapili aseme hivyo hivyo," baba akaniagiza. "Na aongee pole pole, wale watu ni wagumu."

Daktari alicheka, kisha akaeleza kwamba virusi hivyo hupita kwa damu. Je, mzee amewahi kukatwa kwa wembe uliotumiwa na watu wengine? Baba alikana kabla sijamaliza kutafsiri. Daktari akamwinulia fulana ili ampime. Mgongoni palikuwa na chale, vijistari vyeusi vilivyopangwa viwili viwili.

"Mwambie ni vyuma vya reli."

"Baba, vyuma vinajipanga hivyo?"

"Wewe ni mtafsiri ama ni askari?"

Ukweli ulitoka polepole. Kule Dundori kulikuwa na mganga, mama mmoja aliyechanja watu wenye maumivu ya mgongo na magoti, akawapaka dawa nyeusi. Wembe ulikuwa mmoja kwa foleni nzima. Daktari akaomba wote waliochanjwa waje wapimwe, maana mtu anaweza kuwa na virusi hivyo macho yake yakiwa meupe kabisa. Baba akatazama dari.

Kanisani kwetu mlevi alipiga magoti, akaimbiwa, akarudi kundini. Aliyekwenda kwa mganga alikaa benchi la nyuma mpaka wanawe waote ndevu. Baba aliijua sheria hiyo vizuri kwa kuwa alisaidia kuitunga.

"Pombe wanasamehe," baba alisema daktari alipoondoka. "Nitawaambia nilikunywa."

"Na wale wengine wa wembe?" nikamuuliza. Akageukia ukutani. Nilimkasirikia hata nikashindwa kumtandikia shuka vizuri, lakini siri ya mgonjwa si yangu kutangaza.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani alisimama mbele ya kanisa akaungama ulevi. Aliungama vibaya mno. Mchungaji alimuuliza alikuwa akinywa nini, akasema changaa, ile pombe kali ya kuchoma koo. Kivipi? Kwenye kikombe, na maziwa kidogo. Walevi waliookoka walitazamana kwa huzuni, kama mafundi wanaoona kazi ikiharibiwa.

Mama akasimama upande wa wanawake.

"Mchungaji, huyu mzee hajui hata kudanganya. Hajakunywa. Tulienda Dundori sisi wawili, yeye mgongo, mimi goti. Wembe ulitoka kwake ukaja kwangu, na mbele yetu kulikuwa na watu, na wengine wako hapa ndani. Daktari anapima bure. Nimemaliza." Akaketi, akafungua kitabu cha nyimbo.

Baba alimgeukia mama. Alikuwa amelifikiria benchi lake wiki nzima, na nadhani hapo ndipo alipolikumbuka goti la mama. Mchungaji alipomuuliza kama ana la kuongeza kabla wazee hawajaamua, alisema, "Amueni tu. Mimi nampeleka mama watoto apimwe."

Waliamua benchi la nyuma. Hakungoja kusikia mpaka lini.

Kesho yake aliketi nje ya chumba cha vipimo, ameshika mkoba wa mama kwa mikono miwili. Siku ya majibu alirudi, akaketi pale pale. Nilitoka nikamwambia kioo cha mama hakina mstari. Baba yangu, aliyetufundisha kwamba machozi ni ya watoto, alilia kwa sauti mbele ya wazee wenzake watatu waliokaa kando yake, mikono ya mashati imekunjwa hadi kwenye kiwiko. Hawakumcheka. Walikuwa wakingoja zamu yao ya kutolewa damu.