Nilimtukana Mkwe Wangu Akiwa Amenibeba Angani

Nimekosa, na ninaandika haraka kabla hamjasimuliwa na watu wa Endarasha, ambao wanayo hadithi hii tayari na huiongezea chumvi kila msimu wa viazi.

Jina langu sitalitaja. Nijueni tu kama mama wa makamo kutoka Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri, mkufunzi wa chuo, mke wa mtu, na mwenyekiti wa akina mama kanisani hadi mwaka jana. Shahada ninayo. Akili, kama mtakavyoona, niliiacha nyumbani.

Binti yangu, Wanjira, anafanya kazi katika hoteli moja Mombasa. Huko ndiko alikompata Gathogo, kijana mpole, mtoto wa wakulima wa viazi wa Endarasha. Nilipoelezwa kazi ya huyo Gathogo nilimwomba binti yangu arudie polepole. Huvaa injini mgongoni, humfunga mtalii kifuani pake, kisha wote wawili huruka juu ya mji wakining'inia kwenye kitambaa.

"Na hiyo ni kazi ya kila siku?" nikauliza.

"Upepo ukikubali, Mami."

Upepo ukikubali! Kwa hiyo mtoto wangu atakuwa akila upepo ukikubali?

Hapo ndipo nilipoanza kupotoka. Akina mama wa kanisa waliponiuliza mkwe wangu mtarajiwa anafanya kazi gani, nilijibu kwamba ni rubani. Mmoja akataka kujua kama anaendesha zile kubwa za kwenda Ulaya. Nilitabasamu na kuinamisha kichwa, kama mtu anayezuiwa na unyenyekevu kujisifu. Kufikia Jumapili iliyofuata, Gathogo alikuwa ameshatua London mara mbili.

Siku ya ruracio ikakaribia, ile siku ambayo jamaa za kijana huja kwa wazazi wa msichana na mbuzi na mahari. Wachumba wakaona ni vyema mimi na mama yake Gathogo tufahamiane kwanza, wakatualika Mombasa.

Mama Gathogo alifika akiwa na sweta, na kiroba cha viazi kichwani. Viazi, Mombasa! Sweta hakuivua siku nzima. Alisema jua la huko halimjui na yeye hataki kujuana nalo. Alikula kwa mkono, alicheka hadi meza jirani zikageuka, na alimwuliza mhudumu wa hoteli kama samaki wote wale walikuwa na mwenyewe. Nilitabasamu kwa meno. Moyoni nilikuwa nikimwona mwanamke huyu ameketi mbele ya wageni wangu, kwenye kiti cha heshima, akiuliza maswali.

Kesho yake tukapelekwa ufuoni kumwona kijana kazini. Chini ya hema kulikuwa na viti vya plastiki, meza, na redio ya mawasiliano iliyokuwa ikikoroma juu ya hiyo meza. Kulikuwa pia na rubani mwingine wa kitambaa, mzee wa pwani mwenye mvi na mzaha mwingi.

"Mama, njoo nikubebe mimi," akaniambia. "Mzee kwa mzee, tukianguka hatutalaumiana."

"Asante," nikasema. "Nitabebwa na Gathogo."

Wote wakanigeukia.

Lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine husogea. Hata mkono mnapeana kama mtu anayepokea kikombe cha chai ya moto. Na mimi nilikuwa nimejitolea kufungwa kwa kamba kifuani pa mkwe wangu, hadharani, mchana kweupe!

"Ati nini?" Mama Gathogo akaruka kitini. "Ufungwe kwa kifua ya muthoni wako, mkwe wako? Mbele ya watu? Wewe mwenye umesoma?"

"Mama Gathogo, hizi ni siku za kisasa."

"Hata kisasa iko na aibu yake!"

Lakini Wanjira alikuwa akilia. Alilia kwa furaha, jamani! Alinishika mikono yote miwili. "Mami, kweli? Utapanda na yeye? Mimi nilikuwa najua hutaki hata kazi yake itajwe." Akanikumbatia. Na mimi nikamwacha anikumbatie, huku nikijua ninachokwenda kufanya huko juu.

Kwa maana ukweli ni huu: nilitaka kuzungumza na yule kijana peke yetu. Duniani desturi hainiruhusu kukaa naye faragha. Lakini angani! Angani hakuna shangazi.

Gathogo akanifunga kamba kwa adabu, akiangalia pembeni kila mkono wake uliponikaribia. Alikuwa akiniita Maitu, jina ambalo kwetu huitwa mama aliyekuzaa, na mimi nilikuwa nikiliitikia shingo upande. Akanivalisha kofia ngumu yenye kipaza sauti mdomoni. Akanieleza jinsi ya kukimbia, jinsi ya kushuka, na jambo jingine kuhusu redio. Hilo la redio halikuniingia. Nilikuwa ninapanga hotuba.

"Kimbia, Maitu! Usikae mpaka nikwambie!"

Nikakaa.

Tulianguka mchangani kama magunia mawili, mimi chini. Nilikuwa nimeazima suruali ya Wanjira, mimi ambaye niliwahi kumrudisha mwanakwaya nyumbani kwa ajili ya suruali, na suruali hiyo ikaachia mshono mahali ambapo sitapataja.

"Mama, hicho si kiti cha bibi harusi!" mzee wa pwani akapaza sauti. "Kimbia kama umeona mkopeshaji!"

Mara ya pili nilikimbia. Miguu yangu iliendelea kukimbia hata baada ya ardhi kuisha.

Kusema haki, ilikuwa ajabu. Bahari ilikuwa upande mmoja, imelala. Upande wa pili mji mzima ulikuwa umetandazwa kama meza ambayo vyombo havijaondolewa: matangi meusi ya maji juu ya mapaa, nguo zilizoanikwa, minara ya misikiti, na daraja la Nyali likipitisha magari madogo kama kunguni. Nilizaliwa chini ya Mlima Kenya na maisha yangu yote nimeinua shingo kutazama juu. Sasa nilikuwa juu, na nikafanya vile wafanyavyo watu wadogo wakifika juu.

Gathogo alipopunguza injini tukabaki tunaelea, nikaanza.

"Gathogo, nisikilize. Nyumbani nimesema wewe ni rubani wa ndege kubwa. Siku ya ruracio utasema hivyohivyo. Kama huwezi, usije."

"Maitu, mimi siwezi kudanganya watu kwa boma yako."

"Basi tafuta kazi ya watu! Binti yangu hakusomeshwa aolewe na bendera!"

Alivuta kamba, akageuza kitambaa taratibu. Upole wake ukanipa nguvu, kama upole unavyompa nguvu kila mwoga.

"Na mama yako," nikaendelea, "ni mtu mzuri, lakini usimkalishe mbele. Akae nyuma na wapishi. Akifungua mdomo tu, tunaona shamba lote la Endarasha pamoja na mbolea yake!"

Niliyasema hayo. Mimi, mwenyekiti wa akina mama!

Ndipo upepo ukatupiga. Kitambaa kilitikisika, kamba zikalia, tukashuka ghafla. Nilishika kitu cha kwanza nilichokipata, na kitu hicho kilikuwa mapaja ya mkwe wangu. Niliyashika kwa kucha! Nikaanza kuomba kwa sauti. Nilimwahidi Mungu kufunga, kuacha kusengenya, na shamba la Mweiga, ambalo kwa bahati mbaya ni la mume wangu.

Gathogo akatuliza kitambaa. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa masikioni mwangu.

"Nimesikia yote, Maitu. Sasa tunashuka. Inua miguu."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuniita hivyo.

Alinishusha kwa upole, kama yai. Nilipovua kofia nikageuka kuelekea hema nikitafuta makofi. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa pwani alikuwa akiangalia viatu vyake. Wanjira alikuwa amesimama, mikono kichwani. Na mezani, ile redio ilikuwa bado inakoroma.

Kumbe ndilo lile jambo ambalo halikuniingia! Redio huachwa wazi muda wote rubani awapo angani, ili walio chini wasikie kama kuna hatari. Walikuwa wamesikia hatari, tena yote.

Mama Gathogo akanyoosha sweta yake taratibu.

"Karibu chini, muthoni," akasema. "Huku chini ndiko tuko, sisi watu wa mbolea."

"Mama Gathogo, kelele za injini pengine..."

"Injini haikukuwa na kelele. Hata maombi tumesikia. Maombi ilikuwa mzuri."

Wanjira hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliniuliza swali moja tu: "Mami, nilipokuwa nakukumbatia, ulikuwa unajua utamwambia hayo?"

Jioni hiyo nikapanda gari kurudi Nyeri, nikiwa na kiroba cha viazi. Mama Gathogo alikataa kubaki nacho. Alisema zawadi ni zawadi.

Siku ya ruracio ikafika. Hema zilisimikwa pale kwetu Gatitu, sufuria zikawekwa motoni, shangazi wakafunga vitambaa vipya. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba watakuja, maana watu wa Endarasha ni wavumilivu. Hulima mahali ambapo baridi huua hata magugu. Tukangoja. Pilau ikashika chini. Hakuna aliyetokea.

"Labda ndege imechelewa," akasema yule mama aliyeniuliza habari za Ulaya. Hakuwa anauliza safari hii.

Mume wangu, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshaelezwa na Wanjira kwa simu. Alisubiri wageni waondoke, akaketi kando yangu.

"Mimi nimeona watu wakitukana dereva," akasema. "Lakini hungoja washuke kwanza."

Nikalia. Akanipa leso.

"Na Mungu akija kuchukua shamba la Mweiga," akaongeza, "ni wewe utamwonyesha mipaka, ama ni mimi?"

Wazee wa upande wetu wakaketi, wakaamua nipeleke kondoo dume Endarasha kuosha maneno yangu. Hebu fikirini! Mama wa bibi harusi, ambaye kwa desturi hukaa akiletewa mbuzi, ndiye anayepeleka kondoo! Wazee wenyewe walikiri hawajawahi kusikia jambo kama hilo, na mmoja alicheka hadi akatoka nje.

Mume wangu aliendesha pikapu. Kondoo alilia kuanzia Gatitu hadi Endarasha, na kila tulipopita watu walitazama nani kati yetu anapelekwa kuchinjwa.

Tulimkuta Mama Gathogo shambani, na buti za mpira, akivuna. Hakunikaribisha ndani. Alinitazama, akamtazama kondoo.

"Kondoo tutakula," akasema. "Lakini wacha nikwambie. Ile ya mbolea haikuniuma. Ni kweli niko na mbolea, na hiyo mbolea ndiyo ilisomesha Gathogo. Ile iliniuma ni ingine. Ulitukana mtoto wangu akiwa amekubeba. Ulijua hawezi kukuwacha. Hata ungemtemea mate, yeye angekuleta chini polepole. Hiyo ndiyo ulitumia."

Katika miaka yangu yote ya kusoma na kusomesha, sijawahi kusahihishwa namna hiyo. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikaomba radhi. Alinitazama kidogo, akaniletea ndoo na kisu.

"Basi menya hizi, kondoo inachinjwa."

Nikamenya. Akaja kuangalia.

"Unamenya ama unachonga penseli? Viazi imebaki kama mbegu ya embe!"

Akacheka kile kicheko chake cha kugeuza meza jirani, na kwa mara ya kwanza sikukionea haya.

Lakini sharti moja alilitoa: siku ya ruracio mpya, niseme mwenyewe, mbele ya watu wangu, kazi ya kijana wake ni ipi na nilimtendea nini. Nilisimama nikasema. Sikuacha hata habari ya mapaja. Shangazi zangu walifunika nyuso kwa vitenge, wazee wakapiga meza. Mjomba wake Gathogo akainuka akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo, kwao nitaitwa Abiria. Mama Gathogo alikuwa ameketi mbele, katikati kabisa, na sweta yake.

Uenyekiti wa akina mama niliuacha mwenyewe, kabla sijaombwa.

Walioana. Wanjira sasa ni mjamzito. Hunipigia simu, ingawa mazungumzo yake siku hizi ni mafupi na huishia kwa "sawa, Mami" palipokuwa na vicheko. Kwa desturi yetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Juzi Mama Gathogo akanipigia kunikumbusha.

"Huyu akiwa msichana ni wangu," akasema. "Wewe, Abiria, ngoja safari ya pili."

Nangoja. Najua kungoja sasa.

Gathogo mwenyewe hana kinyongo, nadhani. Akija Gatitu husogea nikiingia sebuleni, hunipa mkono kwa adabu zote, na huniita Madam. Madam! Chuoni naitwa hivyo kutwa nzima wala sihisi kitu. Kutoka kwake ni kama kufungiwa mlango taratibu, na mtu asiyetaka kukuamsha.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma haya, hasa ninyi akina mama wenye vyeti ukutani na mabinti wa kuoza, chukueni onyo la Abiria. Mtu akikubeba, mshukuru au nyamaza. Hayupo mahali pa kukujibu. Msimwonee haya mtu kwa kazi inayomlisha, wala msimkumbatie mtoto wenu huku mmeficha kisu.

Na kama ni lazima mseme, basi, kwa jina la Mungu, angalieni kwanza ile redio!