Tundu la Paka Kwenye Mlango wa Kufuli Tatu

Siku ya pili sauti ya paka ilianza kukauka. Siku ya kwanza alikuwa amelia kama paka yeyote aliyefungiwa, kwa hasira na madai. Sasa ilikuwa sauti ya kukwaruza, inatoka mara moja kisha kimya kirefu, na Veneranda akajikuta amesimama ukumbini na sufuria mkononi, akingoja atoe nyingine.

Paka alikuwa ndani ya stoo. Stoo ilikuwa ndani ya nyumba ya Veneranda, hapo hapo kijijini Puge, mlango wake ukitazamana na mlango wa jikoni. Lakini kuufungua hakuweza. Mlango ule ulikuwa na kufuli tatu, funguo zake zilikuwa kwa wanawake watatu, na yeye hakuwa mmoja wao.

Ndivyo kikundi kilivyoamua. Wanawake kumi na wanane walikuwa wameweka mbegu zao za karanga pamoja, magunia tisa, zingoje mvua za kupandia. Nyumba ya Veneranda ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa na chumba cha saruji kisicho na dirisha. Siku hiyo Recheli, mwenyekiti wao, mjane mwenye umri wa kumzaa Veneranda au karibu na hapo, alilisema jambo mbele ya wote: "Anayelaza mbegu hashiki ufunguo." Ilikuwa kanuni nzuri, na vikundi vingi vinayo. Ila alipoisema alimtazama Veneranda kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, au ndivyo Veneranda alivyoona. Mtu wa kuja huona mengi ambayo wenyeji hawakuyaweka.

Veneranda alikuwa amezaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi na vifurushi kichwani mwaka sabini na mbili. Baba yake, mzee Anakleti, aliwahi kulaza mahindi ya kigango cha kanisa nyumbani kwake. Mwaka mmoja wa mvua nyingi paa la chumba kile lilivuja, na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Mzee akafungua skrubu za komeo, akayahamisha magunia yasioze, akayarudisha yalipokauka, kisha akazirudisha na skrubu mahali pake. Halikupungua hata kopo. Lakini mtu mmoja akaona mikwaruzo kwenye vichwa vya skrubu zile. Hakuna aliyetamka neno wizi. Msimu uliofuata kazi ile akapewa mwingine, basi. Mzee Anakleti akaendelea kukaa kwenye benchi lile lile kanisani miaka ishirini, na hakuna aliyemwomba tena amshikie hata mwavuli.

Veneranda alikuwa na miaka tisa wakati ule. Tangu hapo, akiazimwa sindano, huirudisha kabla jua halijazama.

Paka aliyefungiwa aliitwa Bibi Afya. Majirani ndio waliompa jina hilo, maana aliingia nyumba yoyote bila hodi, akakagua jiko na uvungu wa kitanda, akatoka bila kuaga. Jumapili, wenye funguo watatu walipofungua stoo, walikuta panya wametoboa magunia mawili. Walishona matundu, wakayasogeza magunia yote kwenye chanja la ukuta wa nyuma, wakajadiliana kuhusu sumu na kuikataa, kwa sababu mbegu hupandwa kwa mikono, na mikono mingine ni ya watoto. Katikati ya maneno hayo Bibi Afya aliingia kufanya ukaguzi wake. Hakuna aliyemwona. Wakafunga kufuli tatu.

Jumatatu asubuhi Stela, mwenye ufunguo wa tatu, alikwenda Tabora mjini, Kanyenye, ambako binti yake alikuwa amekaribia kujifungua. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la khanga yake. Simu yake, tangu saa nne, ilikuwa haipatikani.

Na chini ya kitanda cha Veneranda, ndani ya tenga lililochakaa, kulikuwa na watoto wanne wa paka, macho ndiyo kwanza yamefunguka.

Alikwenda kwa Recheli, mwenye ufunguo wa kwanza, Jumatatu hiyo hiyo. Recheli alimsikiliza huku akipepeta uwele, akasema paka ana roho ngumu, wamngoje Stela. Hakusema kwa ubaya. Lakini Jumanne Stela hakurudi, simu haikupatikana, na yule mdogo kuliko wote tengani, ambaye Veneranda alikuwa akimkamulia maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kitambaa, aliacha kufungua kinywa. Alimzika nyuma ya choo kwa jembe la palizi, akanawa mikono, akarudi kusimama mbele ya mlango.

Ndipo mumewe Wenceslaus alipokuja na bisibisi. Wenceslaus alikuwa mtengenezaji wa mizinga ya nyuki, mtu mpole asiyependa mambo kurefuka. Alipiga magoti mbele ya komeo, akalitazama kama fundi anavyotazama kazi ndogo.

"Skrubu nne tu, mke wangu," alisema. "Paka anatoka, nazirudisha. Hata Recheli mwenyewe hatajua."

Kutoka ndani, chini kabisa ya mlango, kitu kilikwaruza ubao, kikaacha.

Veneranda alijua kuwa mumewe anasema kweli. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Nyumba ni yao, mlango ni wao, na mlio ule ulikuwa umemwingia mifupani kiasi kwamba hata anaposhona aliusikia kwenye uzi. Aliitazama bisibisi. Aliona jinsi ncha yake ilivyolika, na jinsi ambavyo ingeteleza kidogo, mara moja tu, na kuacha alama ing'aayo kwenye chuma.

"Baba naye alizirudisha vizuri sana," alisema.

Wenceslaus alikuwa anaijua habari ile. Alisimama, akaitia bisibisi mfukoni, akatoka nje akakaa.

Jumatano, jua halijapanda vizuri, Veneranda alikuwa tena uani kwa Recheli. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akakataa kigoda. Alisema aliyokuja nayo kwa mkupuo, kwa sababu alikuwa ameyarudia njia nzima. Kufuli zisiguswe. Komeo lisiguswe. Likatwe tundu chini ya mlango, la kumtosha paka. Na asikate yeye wala mumewe.

"Akate nani?" Recheli aliuliza.

"Wewe, mama."

Recheli aliacha kupepeta. Akaulaza ungo magotini, akasema lile ambalo Veneranda alijua atalisema. "Veneranda, tundu la paka ni tundu la mkono."

"Najua. Ndiyo maana nataka mkono upimwe. Tafuta mrefu kuliko yote Puge, uingie hadi begani, watu wakiona. Magunia yako ukuta wa nyuma, mliyaweka wenyewe. Ukiyafikia, tundu lizibwe, na mbegu zihamishwe kutoka kwangu mara Stela akirudi."

Hayo ya mwisho hakuwa ameyapanga. Yalipotoka alijua kwamba sasa hayarudi. Mbegu zikihama nyumbani kwa mtu katikati ya msimu, hakuna anayeuliza kwa nini. Kila mmoja hujijibu mwenyewe.

Recheli alikubali kwa sharti moja: paka akishatoka, tundu lizibwe papo hapo, mkono ufike usifike. Alikwenda kuchukua kipande cha bati, nyundo na misumari. Akampitia Janeti, mwenye ufunguo wa pili, akampitia na Ngollo, Msukuma mfuga ng'ombe aliyekaa ng'ambo ya barabara, ambaye mikono yake ilifika karibu na magoti.

Ngollo alipoelezwa alichoitiwa alicheka hadi akajishika kiuno. "Ninyi Wanyamwezi, babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Leo paka mmoja anawashinda mpaka mmwite mtani?"

"Tumekuita kwa sababu ya mkono," Recheli alimjibu bila kumtazama. "Si ndio uliorefuka kwa kuswaga ng'ombe wasio wako?"

"Hao walinifuata wenyewe, mama."

Janeti alicheka. Veneranda hakucheka. Utani ule ulikuwa wao, wa tangu mababu; mtu akimwita mwenzake mwizi na wote wakacheka, ni kwa kuwa hakuna anayeweza kuliamini neno lile. Yeye hakuwahi kutaniwa hivyo Puge.

Wenceslaus alileta keekee na msumeno mwembamba, akaviweka sakafuni, akarudi kukaa nje pasipo kuambiwa. Recheli alichora mraba kwa mkaa, upana wa kiganja na vidole, shibiri moja kutoka chini. Alitoboa pembe nne. Mlango ulikuwa wa mninga, na mninga haukubali haraka. Vumbi lake jekundu lilimwagika juu ya miguu ya Recheli, na kila msumeno ulipokwama paka naye alinyamaza. Kisha akaacha kulia kabisa. Janeti akauliza kama bado yu hai. Veneranda alikuwa ameshika ukingo wa mlango wa jikoni, anahesabu kuvuta na kusukuma kwa msumeno, na kila alipofika kumi alianza upya.

Ubao ulianguka ndani. Halafu kichwa kikatokea, kijivu kwa vumbi, masikio yamelala. Bibi Afya alijipenyeza bega moja baada ya jingine, akapita katikati ya miguu yao, akaenda moja kwa moja chumbani, uvunguni. Ukasikika mlio mwembamba wa wale watatu, kisha haukusikika tena.

"Haya, mkono," alisema Recheli.

Ngollo alivua shati, akalala kifudifudi. Mkono ukaingia hadi kiwiko, ukaingia hadi begani, shavu lake likabanwa kwenye ubao. Wote walimtazama usoni, maana mkono haukuonekana tena. Alitafuta kushoto. Alitafuta kulia. Uso wake ukabadilika, na alipoutoa mkono hakuwa na mzaha.

Alifungua kiganja. Kulikuwa na karanga.

Veneranda alizitazama zile karanga na kuona benchi la kanisa la Ulyankulu, upande wa kushoto, nguzo ya tatu. Alijua mbegu ziliwekwa mbali. Alijua pia kwamba kujua kwake hakuna uzito wowote kwa mtu mwingine. Akainama, akaokota bati na misumari, akampa Recheli.

"Ziba, mama," alisema. "Kisha mpigieni simu Stela mpaka apokee. Zihame."

Recheli alipokea. Akatia misumari midomoni kama afanyavyo fundi, akachukua karanga moja kwenye kiganja cha Ngollo, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango wa jikoni. Ganda lilikuwa limetafunwa upande mmoja, meno madogo, mistari miwili miwili. Akachukua nyingine. Nayo hivyo. Alizitazama kwa muda mrefu, na misumari midomoni hakuweza kusema, au alijipa sababu ya kutosema.

Wakiwa bado hivyo, Bibi Afya alitoka chumbani. Alikuwa amembeba mtoto mmoja kwa ngozi ya shingo, miguu inaning'inia. Alipita mbele ya Ngollo aliyelala sakafuni, akapita kando ya nyundo ya Recheli, akaingia tunduni na mzigo wake. Baada ya muda akatoka mtupu, akarudi chumbani. Akaja na wa pili. Akaja na wa tatu. Chumba kilichomfunga siku tatu alikuwa amekikagua kwa kirefu, kimekauka, kina panya, na ameona kinafaa. Mara ya mwisho hakutoka tena.

Janeti alijifunika mdomo kwa khanga. Ngollo akasema polepole, "Mwenyekiti, gongomea basi. Huyo mpangaji amekwishahamia."

Recheli alitema misumari mkononi. Aliinama kwa shida, magoti yakilia, akachungulia tunduni na kukaa hivyo. Alipoinuka alimwita Wenceslaus, akamuuliza kama ana mpira wa ndani wa tairi, ule mzito, kwa maana tundu likibaki wazi kuku wataingia. Wenceslaus alikuwa nao. Alikata kipande kilichozidi tundu kidogo, Recheli akakishikiza juu kwa ufito na misumari mitatu, kikaning'inia kama ulimi. Alikisukuma kwa kidole; kikaingia, kikarudi, kikatulia.

"Na mkono?" Veneranda aliuliza. Alitaka neno lisemwe na mtu, lisibaki hewani.

"Mkono umefika zilipomwagwa na panya. Magunia haukuyafikia." Recheli alikung'uta vumbi la mninga kwenye sketi. "Jumapili Stela akiwa amerudi tutafungua, tutafagia, tutaona." Kisha akamnyang'anya Ngollo zile karanga, akaushika mkono wa Veneranda, akazimimina humo. Zilikuwa kumi na moja. "Hizi zitunze mpaka hiyo Jumapili."

"Mimi?"

"Ulitaka nimpe Msukuma?"

Ngollo alicheka akivaa shati. Janeti alicheka. Veneranda alifumba kiganja juu ya karanga, akahisi kwamba utani uliorushwa ulikuwa umemgusa naye ukapita, mwepesi, kama unavyowagusa wengine.

Walipoondoka alitafuta pa kuziweka. Alifikiria sanduku la nguo, ambalo lina kufuli. Alifikiria chini ya godoro. Mwishowe alizitia kwenye kikombe cha chai, akakiweka mezani ukumbini, pale ambapo kila anayepiga hodi hukiona, akakifunika kwa kisahani kuku wasizidonoe.