Rambirambi Zilizovuliwa Rangi

Nelima Khaemba amechapa programu za mazishi mjini Kitale kwa miaka kumi na tisa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya soko, na ndani yake mlikuwa na kompyuta mbili, printa inayokohoa na kalenda ya duka la mbolea. Kazi hiyo ilimfunza jambo moja kuhusu watu: mtu akifa, walio hai huanza kugombania ukubwa wa herufi. Kuna mteja aliyemtaka aweke jina la mgeni wa heshima juu ya jina la marehemu. Nelima alipouliza kama si vyema marehemu atangulie, alijibiwa, "Madam, marehemu hapigi kura."

Aliweka kama alivyoambiwa. Aibu hiyo yeye mwenyewe hukusimulia, hata kabla hujamuuliza.

Miaka sita iliyopita fundi wa kompyuta aitwaye Gathii alimtengenezea tovuti, Ukumbi wa Nzoia. Matangazo ya vifo ya Trans-Nzoia na Bungoma yakahamia huko, maana familia nyingi zina mguu mmoja Saboti na mwingine Kabuchai. Juu palikaa tangazo: nani amefariki, atazikwa wapi, lini. Chini, watu waliandika maoni yao. Waliokuwa Doha na Leeds, wasioweza kufika matangani, walilia hapo kwa mistari miwili mitatu. Kilikuwa kitu chema kisicho na makuu, kwa hiyo watu hawakukiacha kilivyo.

Gathii, kwa ukarimu wa mafundi wasiowahi kukaa sana na binadamu, aliliacha sanduku la maoni wazi kabisa. Mtu aliweza kuandika humo maneno, na pia zile alama za HTML zinazowekwa kati ya mabano yenye ncha, ambazo huiambia kompyuta: neno hili linenepe, hili liwe jekundu, hili litambae kutoka kulia kwenda kushoto kama siafu. Mwaka mzima hakuna aliyejua. Kisha akajua mtu mmoja, na kwa bahati mbaya alikuwa Mheshimiwa Makokha.

Makokha si mheshimiwa wa chochote. Amegombea kiti cha wadi mara mbili na kuanguka mara mbili, ila cheo alichojipa hakikuanguka pamoja naye. Jengo la ghorofa mbili nyuma ya soko ni lake, na chumba cha Nelima kilikuwa ndani ya jengo hilo. Rambirambi zake zikaanza kutokea chini ya kila maiti: nyekundu, kila herufi kubwa kama kichwa cha ng'ombe, zikitambaa huku picha yake ikiwakawaka pembeni. Nimepita nchi nyingi, nimeona wanasiasa wakicheza ngoma wasizozijua na kubusu watoto wasiowapenda. Sikuwahi kuona kilio kikipitishwa mbele ya wafiwa kama tangazo la mnada.

Na kwa kuwa ujinga una wanafunzi wengi kuliko shule yoyote, wengine wakamwiga. Muuza majeneza akaja na kijani. Mchungaji mmoja akachagua zambarau, kwa sababu, alisema, ni rangi ya kifalme. Nelima aliwaona wote, akaendelea kuchapa programu zake. Unamwambiaje mwenye nyumba apunguze sauti?

Halafu akafariki Phelista, mwalimu mstaafu wa Kabuchai. Mpwa wake aliye Nairobi aliweka tangazo kuwa mazishi ni Jumamosi, akisahau kuwa shangazi yake alikuwa Msabato na kanisa lake haliziki siku hiyo. Hakuna mwingine aliyeweza kulirekebisha tangazo, kwa hiyo mwanawe Phelista akaandika chini, kwenye maoni, kwamba ni Ijumaa saa nne.

Lakini Makokha alikuwa amekwisha kupita. Alama za HTML huja mbilimbili, ya kufungua na ya kufunga. Makokha alisahau ile ya kufunga, au hakujua kuwa ipo. Si mtu wa kujua pa kunyamazia. Basi kila kilichoandikwa chini yake kikawa chekundu, kikawa kikubwa, kikatambaa. Neno "Ijumaa" lilipita kwenye simu za watu kama gari la msafara, na hakuna aliyelisoma.

Nekesa, dada pekee wa marehemu aliyebaki hai, alitoka Saboti Jumamosi asubuhi na kuku wawili na shuka jipya. Alikuta vijana wakipakia viti kwenye lori na maua yakinyauka juu ya udongo. Kila mtu wa familia alidhani mwingine amempigia simu.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Nelima, na simu ya mjukuu wake mkononi.

"Mulembe, mwanangu. Ni wewe mwenye hii kitu?"

"Ni mimi, kukhu. Karibu ukae."

"Sikai. Nisomee hapa chini."

Nelima alijaribu. Maneno yalimkimbia.

"Unaona?" alisema bibi huyo. "Hata wewe mwenyewe huwezi. Mjukuu alisema, kukhu, ni Makokha anapita tu. Nikangoja apite. Bado anapita mpaka leo."

Nelima alimwomba msamaha.

"Msamaha wako ni wa nini? Mimi sikumwona dada yangu akiingia chini. Wewe tengeneza tu, mtu mwingine aweze kusoma."

Alipoondoka, Nelima alimpigia Gathii, wakazuia alama zote isipokuwa za herufi nene na za viungo vya kurasa nyingine. Kosa hilo lilidumu siku mbili. Ukiruhusu unene, wote hunenepa: muuza majeneza aliandika aya nzima kwa wino mzito kama lami. Siku ya tatu Nelima akazuia na unene. Kuanzia hapo mtu yeyote, mwenye jengo na asiye na choo, aliandika kwa herufi za kimo kimoja, nyeusi, zilizotulia.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Rambirambi za Makokha zilisimama mahali pamoja, na zilipokwisha kusimama, watu wakazisoma kwa mara ya kwanza. Zilisema: "Pole kwa kumpoteza baba yetu mpendwa, mzee wa busara, nguzo ya wadi. Nitaziendeleza ndoto zake." Zilisema hivyo chini ya Phelista. Zilisema hivyo chini ya mtoto wa kike wa miezi minane. Zilisema hivyo, nukta kwa nukta, chini ya watu mia moja na kumi na wawili. Mtu huyu hakuwahi kumlilia yeyote, alikuwa akibandika.

Watu wa Webuye, upande wa Bungoma, hawana huruma wakipata nafasi. "Mheshimiwa," aliandika mmoja, "huyu mtoto alikuachia ndoto gani, ya kunyonya?" Mwingine akauliza: "Ati mzee Phelista? Bana, hata jina hukusoma?"

Makokha alishuka ngazi za jengo lake bila kofia.

"Madam, umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimeondoa rangi tu, Mheshimiwa. Maneno ni yako."

"Rudisha vile ilikuwa."

"Hairudi."

"Si basi ufute. Futa zote."

"Kufuta sifuti. Lakini kuandika upya unaweza." Nelima akamsogezea kiti, akafungua ukurasa wa Phelista. "Keti. Andika kitu kimoja ulichojua juu ya huyu mama."

Makokha aliketi. Nataka kuwa mwadilifu: aliketi kweli, akaweka vidole viwili juu ya kibodi. Vidole vikangoja kichwa, na kichwa hakikuleta kitu.

"Huyu si alikuwa wa Kabuchai?"

"Hiyo imeandikwa hapo juu."

"Nitaandikiwa," alisema, akainuka. Mlangoni akageuka. "Hii ofisi ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na mwisho wa mwezi?"

"Itakuwa yako pia."

Nelima hakungoja mwisho wa mwezi. Alihamishia mashine zake Bungoma, kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo. Huko wateja wake ni wachache, na printa hukohoa zaidi kwa sababu ya vumbi la chokaa. Lakini matangazo ya Ukumbi hayajapungua hata moja.

Wiki ya kwanza huko, Nekesa alimpigia simu na kumtajia maneno ya kuandika kwa niaba yake. Nelima aliyachapa jinsi yalivyotoka: "Phelista aliogopa radi mpaka uzeeni. Tulipokuwa wadogo alinishika sikio mpaka mvua iishe. Nekesa, dada yake." Maneno hayo yapo pale mpaka leo, na hayaendi popote.

Makokha naye alipata pa kuandikia. Nilipopita Kitale mara ya mwisho, ukuta wote wa jengo lake ulikuwa umepakwa herufi nyekundu zinazomzidi mtu urefu: POLE KWA WAFIWA WOTE. Fundi wa rangi aliniambia kuwa alimuuliza Makokha kama aache nafasi chini kwa majina. Akaambiwa aijaze picha ya Mheshimiwa.