Unga wa Uwele Kwenye Injini

Asubuhi ya leo nimekuta doa la oili uani kwangu, hapa mjini Makole, chini ya pikipiki ya mjukuu wangu. Mjukuu huyo, binti wa watu, alikuwa amekwisha kuletewa hukumu: jirani amesikia kwamba pikipiki za aina ile hupasuka injini, kwa hiyo aiuze mapema. Nilimuuliza ni lini huyo jirani aliinama akatazama. Akacheka. "Babu nawe! Watu wote wanasema." Nikamjibu kwamba watu wote hawajashika spana, alete mafuta ya taa na kitambaa, tuioshe kwanza. Harufu ya mafuta ya taa ilipopanda, rafiki yangu, sikuwa tena Makole.

Nilikuwa kijijini kwetu, kati ya Kondoa na Chemba, katika nyumba ya tembe yenye paa bapa la udongo, iliyotazama korongo la mchanga. Baba alikuwa bwana mifugo. Alichanja ng'ombe katika vijiji vya mbali, na kila jioni pikipiki yake ilimrudisha nyumbani. Tuliisikia kabla ya kuiona: kwanza mvumo mwembamba nyuma ya kilima, kisha ngurumo nzito ikishuka korongoni. Bibi, yaani mama yake baba, alipousikia mvumo ule ndipo aliposonga ugali wa uwele, ili baba aukute wa moto pembeni ya mlenda wa karanga. Hakuwa na saa wala hakuihitaji.

Msimu mmoja wa mvua baba aliteleza korongoni, pikipiki ikalala juu ya mawe. Yeye alichubuka kiwiko tu, lakini tangu siku ile chombo kikaanza kudondosha oili. Fundi mmoja mnadani, akiwa amesimama na mikono mfukoni, alitangaza kwamba tumbo la injini limepasuka. Jirani yetu akaibeba habari hiyo. Ilipotufikia kutoka upande wa pili wa kijiji, injini ilikuwa imegawanyika vipande viwili. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu wa Chemba akaleta salamu kwamba yuko tayari kuichukua.

Jioni ile, mbele ya chakula, baba alitueleza bila kuficha. Pikipiki ikifa, atapanga chumba Chemba na kuja nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa. Mama aliendelea kukata tonge asilolila. Bibi akasema, "Basi nimezaa mtoto wa siku moja katika wiki." Mimi, niliyekuwa nimezoea kusinzia nikiegemea goti la baba, usiku ule nililikumbatia nisisinzie.

Siku ya mapumziko baba aliisogeza pikipiki uani. Alikuwa mtu wa shule, na alikuwa na tabia ya kutokubali jibu ambalo hajaona lilikotoka. Aliiosha injini kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, akaiacha ikauke juani, kisha akamwomba bibi unga.

"Unga wa nini?"

"Wa kupaka injini, mama. Oili itakapotokea, unga utalowa palepale."

"Nimesaga tangu alfajiri, mgongo unaniuma, halafu nilishe chuma? Chukua majivu."

"Majivu yana chembe za makaa, mama. Nitaonaje?"

Bibi akaingia ndani, akatoka na chekeche, akauchekecha unga mara ya pili, laini kuliko alivyotuchekechea sisi. "Kama ni kwa ajili ya kurudi nyumbani," alisema, "upake wote."

Baba alikuwa akiupuliza unga ule kwenye injini kutoka kiganjani jirani alipochungulia uani. Kwetu unga ukinyunyizwa juu ya kitu, wazee hufikiri jambo moja tu.

"Shikamoo, mama. Kumbe leo mnaitambikia?"

"Marahaba. Tambiko lako wewe! Inajipaka poda, inakwenda harusini. Wewe hukualikwa?" bibi alimjibu.

Baba akaiwasha. Tuliinama sote, hata jirani. Tumbo la injini, lile lililosemwa limepasuka, lilibaki jeupe kabisa. Lakini ubavuni, pale kava la pembeni linapokutana na injini, ulijitokeza mstari mweusi mwembamba kama wanja. Ukateremka polepole hadi chini, ukaning'inia, ukadondoka. Oili ilikuwa inatokea juu, na lawama zote zilikuwa zimepewa tumbo kwa sababu ndilo lililodondosha.

Alikinga oili kwenye sufuria kuukuu, akafungua kava. Gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kiungo, ilikuwa imekauka na kuchanika kipande. Baba alitandaza gamba la boksi la viatu juu ya ukingo wa kava, akaligongagonga kwa nyundo ndogo kuufuata ukingo mpaka gamba likajikata lenyewe kwa umbo lake. Akalipaka grisi, akarudisha bolti, akizikaza kidogo kidogo, moja huku na nyingine ng'ambo yake. Kesho yake alikwenda kazini, na jioni bibi alisonga ugali.

Kijijini walisema kwa miaka kwamba pikipiki ya bwana mifugo iliponywa kwa tambiko. Nimekutana na wazee Kondoa wanaolisimulia hivyo hadi leo, na wananikatalia mimi niliyekuwapo.

Korongo lile sasa lina daraja. Tembe yetu imebaki msingi, na waliokuwa wakiishi ndani yake wamelala makaburini, isipokuwa mimi. Siku hizi simu humtangulia mtu kusema amefika wapi, na hakuna tena anayekaa kimya ili asikilize njia. Sina picha ya baba akiwa juu ya pikipiki ile. Ninacho kitu kingine, nami sikukipata kwa kuambiwa: maji yakimiminika kutoka kwenye birika alfajiri, upande wa pili wa ukuta, baba akitawadha, nami nikiwa bado kitandani, nikijua kabla ya kufumbua macho kwamba alilala nyumbani.