Lango la Kijani la Babi

Nilikuwa nimeajiriwa kumtunza mama mmoja mzee kutoka Ucheki, aliyeletwa Dubai na mwanawe baada ya kuanguka kwenye ngazi za nyumba yake kijijini. Mwanawe ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi, na pasipoti yangu ilikaa kabatini mwake. Nilimwita sir, na mkewe madam. Yule mzee mwenyewe alikataa kuitwa madam. Alinifundisha kusema babi, yaani bibi kwa lugha yao.

Tulishinda sisi wawili ghorofani, upande wa Deira, madirisha hayafunguki na kiyoyozi kinavuma mchana kutwa. Miezi ya joto hatukushuka kabisa. Sir hakutaka mama yake atolewe nje hata kivulini, nami sikuruhusiwa kumwacha peke yake, kwa hiyo kufungiwa kwake kukawa kufungiwa kwangu.

Kilichotutoa humo ni simu yangu. Ramani ya simu ina picha za barabara, na siku moja babi alinitajia jina la kijiji chake, tukakitafuta. Kikatokea: nyumba chache zimezunguka bwawa, na kanisa dogo ambalo mnara wake una kichwa kama kitunguu. Basi kila siku baada ya chai tukawa tunatembea huko. Mimi nasogeza kidole, yeye anaeleza kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Bwawani walivua samaki wa Krismasi, majirani wote wamesimama kwenye matope na viatu vya mpira. Barabara ya kwenda kijiji cha pili ilipandwa miplamu, na matunda yalikuwa ya yeyote apitaye. Mbele kulikuwa na msitu alikookota uyoga. Marehemu mumewe, aliniambia, alijifanya hajui upi una sumu ili asiende peke yake.

Picha ziliishia ukingoni mwa msitu. Hapo babi akasema turudi nyumbani. Nyumbani ni kwake, kwenye lango la kijani, alikoamini atarudi mguu ukipona.

Alasiri moja tukakuta picha zimebadilika. Lango lilikuwa jeusi, mti mkubwa wa uani umekatwa, na mlangoni kumeegeshwa baiskeli za watoto. Nikadhani nimekosea nyumba. Babi alichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akakaa nayo.

"Kuna watu ndani ya nyumba yangu," alisema.

Sir aliporudi kutoka kazini walizungumza kwa lugha yao. Sauti ya babi haikupanda. Baadaye sir alikuja jikoni akaniuliza nani alimwonyesha, nikamwambia ni mimi, na kwamba sikujua. Hakunigombeza. Alisema nyumba aliiuza kwa kuwa kule hapakuwa na wa kumtunza mama yake, na kwamba alikuwa bado anatafuta siku nzuri ya kumwambia.

Tangu hapo babi hakugusa chakula ila nilichompelekea mimi. Madam akileta sahani, anageuka ukutani. Na likizo yangu ya kwenda Nyeri kumwona mama ilikuwa imekaribia. Sir aliniomba niiahirishe. Aliniomba kwa upole, na upole huo ndio ulionibana, maana mtu akikufokea angalau unaweza kumkasirikia. Nikasema sawa. Nikaenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Babi aliyaona macho yangu. Akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamwambia yuko, naye anaumwa miguu.

Asubuhi yake madam alipoleta uji, babi aliupokea. Aliula polepole mpaka ukaisha, hakunitazama hata mara moja. Kisha akamwambia mwanawe, kwa Kiingereza, ili nami nielewe:

"Mpe pasipoti yake. Aende kwa mama yake."

Nikaenda. Niliporudi nilimkuta kwenye kiti kilekile, amekonda, ingawa siku hizo sir alikuwa akimshusha chini jioni kwa kiti cha magurudumu. Nilimwonyesha picha za mama na za shamba letu. Alizitazama zote, akaniuliza miti ile inaitwaje. Kijiji chake hakukitaja tena, nami sikumgusia.