Siku Niliyovimaliza Vita vya Korea Nizwa

Msinicheke, maana hata leo nikipita mlango wa ule ukumbi uso unanipanda moto. Mie Zuwena, mzaliwa wa mji wa Ibra, msimamizi wa kahawa kwenye hoteli moja ya Nizwa, huku Oman, nilivimaliza vita vya Korea kwa kidole gumba.

Walikuja wajumbe wa Korea ya Kusini na nchi rafiki zake, wakajifungia ukumbini kushauriana vipi vita vile vifungwe rasmi (risasi zilinyamaza zamani, lakini mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo), na wenyewe kwa wenyewe hawaelewani, huyu anataka watangaze kwanza kuwa vimekwisha, yule anasema hatangazi kitu kabla Kaskazini hawajatoa chochote. Mudiri wetu, mkuu wa hoteli, akatuonya: "Mtakalolisikia humo, liacheni humo humo."

Basi niko namimina kahawa, namsikia mwenyekiti anasoma kwa Kiingereza, "Vita vya Korea vimekwisha," na wote wameinamia karatasi zao. Sikungoja sentensi ya pili. Mbio mpaka jikoni, nikamrekodia mama: "Mama shikamoo, vita vya Korea vimekwisha, hapa hapa Nizwa, nimesikia kwa masikio yangu! Na yule balozi mrefu aliyekuwa akipinga kashindwa, mwache anune, kazi yake kusinzia na kumaliza halwa!"

Nikatuma. (Laiti ningetazama!) Sauti haikwenda kwa mama, ilikwenda kwenye kundi la kazi, lenye madereva, mudiri na makatibu wa wajumbe wote, na katibu mmoja alikaa Dar es Salaam miaka, Kiswahili anakijua kama mie. Nikaifuta, lakini wapi, keshaisikia na keshaihifadhi.

Niliporudi ukumbini watu wamesimama, yule katibu keshawaambia kuwa nimesema vita vimekwisha. Kumbe mwenyekiti alikuwa anasoma rasimu tu, sentensi ile ile wanayoigombania! Balozi mrefu anakusanya karatasi zake. "Ikiwa mmeshatangaza bila ya mimi, nakaa hapa kwa lipi?"

Mudiri akaniita mbele. "Zuwena, wafasirie. Yote."

Yote, wallahi! Simu ikawekwa mezani, sauti yangu ikajaa ukumbi, nami nafasiri kipande kwa kipande, na nilipofika kwenye kusinzia nikataka kuparuka, yule katibu akanikazia macho, nikasema. Na halwa nikaisema.

Hakuna aliyecheka. Balozi akaniuliza, "Kwa hiyo hukutumwa na mtu?"

"Hapana, bwana. Nilikuwa namwambia mama yangu."

Akavuta kiti, akakaa. Wengine nao wakakaa, mmoja mmoja.

Nikadhani khalas, yamekwisha, kumbe mjumbe wa Korea, mama wa makamo, alikuwa ananitazama. "Mama yako angefurahi kusikia?"

"Angefurahi sana."

"Wangu pia," akasema taratibu. "Kaka yake alibaki upande wa pili."

Ya halwa niliyavumilia. Hilo lilinivunja.

Waliondoka bila ya kutangaza lolote, mie nikahamishiwa kwenye mashuka. Mama nilipomhadithia alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza, "Sasa watavimaliza lini?" Nikamwambia sijui, na nimejiapia sitajitia kujua tena, maana furaha waliyoingoja watu umri mzima haitangazwi na mmimina kahawa aliyesikia sentensi moja.